Chai za kuandalia wageni alasiri: nimepima za supamaketi na za Marikiti, hizi ndo zinazostahimili thamosi

Jamani, kila msimu wa harusi ukikaribia swali ni lile lile, ninunue chai gani ya kuwaandalia wageni, na majibu mnayopeana ni majina ya pakti tu, nunua ile nyekundu, mara nunua ile ya kijani, hakuna anayeuliza hiyo chai itakaa muda gani kabla haijafika mdomoni. Na hapo ndo penye shida yote. Chai ya shughuli inapikwa mapema. Kadi imeandikwa saa kumi, mpishi ashaanza saa tisa, chai ishaingia kwenye thamosi, wageni wanaanza kuonekana saa kumi na nusu washaswali alasiri, kuna dua, kuna maneno mawili matatu ya mwenye shughuli, kuna picha, mpaka kikombe cha kwanza kinamiminwa chai ina saa moja na nusu mle ndani, na shangazi aliyekaa kona ya mwisho atafikiwa karibu na magharibi. Kwa hiyo mi nikipima chai ya wageni, kikombe kinachotoka jikoni hakinishughulishi sana. Nataka kujua kikombe cha saa moja na nusu kina ladha gani.

Safari hii ilikuwa chai ya kina mama kabla ya nikahi ya mpwa wangu hapa Mombasa, wageni kama hamsini hivi, vitafunio vya kawaida yetu, mahamri, sambusa za nyama, katlesi, kaimati, mkate wa sinia na keki ya iliki. Nikasema ngoja kazi hii niifanye sawasawa, nikanunua majani ya aina mbalimbali supamaketi na mengine sokoni Marikiti, kila aina nikapika lita moja, nikaonja ikiwa moto, nikaitia thamosi, nikaionja tena baadaye. Na sikuonja peke yangu, nilikuwa na mama na shangazi zangu wawili ambao chai wameinywa miaka mingi kuliko mimi na kama kitu kibaya wanakwambia hapo hapo.

Kabla ya majani niseme maji, manake watu wanalaumu chai na kosa si la chai. Mombasa nyumba nyingi tunatumia maji ya kisima na yana chumvi chumvi na chokaa, ukipikia chai ya rangi unaona utando juu unang'aa kama mafuta, ukikitikisa kikombe unavunjika vipande vipande na kuganda pembeni. Ule utando unatokana na chokaa ya kwenye maji kukutana na chai. Kwenye chai ya maziwa hauonekani sana lakini kwenye ya rangi unaharibu sura ya kikombe kabisa na ladha inakuwa bapa, majani yawe mazuri vipi. Mi nilipika majani yale yale kwa maji ya kisima na kwa maji ya kununua ya dumu, shangazi mkubwa akaonja vyote viwili hajui kipi ni kipi, akasema hii moja ndo chai, hii nyingine imekufa. Iliyokufa ilikuwa ya kisima. Kwa hiyo kama bajeti ni ndogo, punguza kwenye pakti ya fahari na ununue dumu la maji matamu la lita ishirini, utaona tofauti kubwa kuliko ukipanda daraja la majani.

Haya, chai ya maziwa. Hii ndo mfalme wa shughuli zetu na hapa habari njema ni kwamba majani ya kawaida ya hapa hapa Afrika Mashariki ndo yanafaa zaidi, huna haja ya kwenda rafu ya juu yenye maboksi ya bati. Chai nyingi ya Kenya inatengenezwa kwa njia inayoitwa CTC, jani linasagwa, linapasuliwa na kuviringwa na mashine mpaka linakuwa punje ndogo nyeusi, na punje hizo zinatoa rangi na ukali haraka sana, na ukali huo ndo unaohitajika kupenya kwenye maziwa. Jani refu la kifahari ukilipikia maziwa linazama, hulisikii. Tena ukisoma pakti kwa makini utakuta herufi kama BP1 au PF1, watu wanadhani ni namba za kiwanda, hapana, ni ukubwa wa punje. BP1 ndo punje kubwa kidogo, PF1 ndogo zaidi, halafu PD, halafu D1 ambayo ni karibu na vumbi. Mwaga kidogo kwenye sahani nyeupe uangalie, PF1 nzuri ni punje zilizolingana, nyeusi zenye kuelekea kahawia, hazina nyuzi nyuzi za rangi ya majani makavu. Zile nyuzi ni vikonyo, zikiwa nyingi ujue umenunua uzito usio na chai.

Nilizoweka mezani zilikuwa Ketepa Pride, Kericho Gold ya majani, na Chai Bora ya Tanzania ambayo ndugu yangu alinibebea kutoka Tanga. Zote tatu zikiwa moto ni nzuri, hakuna cha kubishana. Ketepa ndo iliyonishika zaidi kwenye maziwa, inatoa ule wekundu wa matofali ambao ukimimina unaona kabisa hii chai imepikwa na mtu anayejua, na baada ya saa moja na nusu bado ilikuwa inasimama. Kericho Gold, ambayo inafungwa hapa hapa Mombasa, mi naiona laini zaidi, ina harufu nzuri zaidi ya ukali, kwa wale wanaopenda chai yenye maziwa kiasi badala ya maziwa yenye chai hiyo itawafurahisha. Chai Bora mama ndo aliing'ang'ania, akasema inamkumbusha chai ya kwao, ina utamu fulani nyuma hata kabla ya sukari, na kwa mahamri ya iliki ilikwenda vizuri mno. Kwa shughuli ya watu wengi ningechukua Ketepa, kwa chai ya watu sita sebuleni ningechukua Chai Bora, na hapo kila mtu na ulimi wake.

Sasa sikilizeni jambo la tangawizi, manake hili limeharibu shughuli nyingi. Mtu anatwanga tangawizi mbichi anaitia kwenye maziwa yanayopata moto taratibu, baada ya muda maziwa yanakatika, anaanza kumlaumu muuza maziwa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya chenye kugandisha maziwa, hata kuna watu Uchina wanaitumia makusudi kutengeneza maziwa mgando matamu. Dawa yake ni rahisi, ichemshe kwanza kwenye maji peke yake pamoja na viungo vingine, ichemke sawasawa dakika kadhaa, majani yafuate, maziwa yaje mwisho. Ikishachemka hivyo nguvu ile ya kukatisha maziwa inaisha na ladha inabaki. Na ukiwa umeshatia maziwa usiiache chai kwenye sufuria ikipoa ndo uihamishie thamosi. Suuza thamosi na maji yanayochemka, yaache mle dakika tano, yamwage, mimina chai ikiwa bado inatokota. Chai ya maziwa iliyokaa vuguvugu saa mbili tatu si suala la ladha tena, ni suala la matumbo ya wageni wa watu.

Halafu majani yatoke. Yaani chuja kabla ya kutia thamosi, chuja vizuri, ikibidi mara mbili, chujio la waya halafu kitambaa. CTC ikibaki mle ndani inaendelea kuiva na baada ya nusu saa unapata ule ukakasi unaokausha ulimi na fizi, watu wanaongeza sukari kuufunika na haufuniki.

Kuhusu chai karak, najua mtaniuliza kwa sababu siku hizi kila shughuli ina mtu aliyerudi Dubai au Muscat anataka karak. Ni tamu, siikatai, majani makali, iliki nyingi na maziwa ya kopo yale mazito, na kwa kweli kwenye thamosi inakaa vizuri kuliko chai ya maziwa ya kawaida. Tatizo ni kwamba ni nzito, mgeni akinywa kikombe kimoja na kaimati mbili ashashiba, hagusi sambusa wala katlesi. Kama vitafunio vyako ni vichache karak ni chaguo zuri, kama umepika sana itakubakishia sinia zima.

Chai ya rangi ndo mahali ambapo mi nataka watu wabadilike. Tumezoea kuchukua yale yale majani ya maziwa tunayapika bila maziwa, tunatia limau, basi, chai ya rangi hiyo. Inanyweka, ila kwenye thamosi ndo inaonekana udhaifu wake, kile kilichokuwa wekundu mzuri kinakuwa cheusi, na harufu yote imekwenda imebaki ukali mtupu. Hapa ndo jani refu linapoingia, lile wanaloliita othodoksi, ambalo linakunjwa polepole bila kusagwa. Ukilitia maji ya moto kwenye birika la kioo simama uangalie, kile kijiti cheusi kilichojikunja kinaanza kufunguka kidogo kidogo, baada ya dakika mbili tatu unaona jani zima lenye meno pembeni, na maji yanageuka rangi ya asali ya nyuki wadogo. Ladha yake si ya kukupiga, inakuja taratibu, ina kitu kama maua kwa mbali. Zamani ilikuwa kazi kuipata hapa, nyingi inatengenezwa kwa ajili ya nje, siku hizi baadhi ya viwanda vya Kenya vinavyosimamiwa na KTDA, lile shirika la chai ya wakulima wadogo, vinaitengeneza na maduka makubwa yanaiweka, tafuta pakti iliyoandikwa jani zima na uiangalie kwa macho kama kuna kidirisha.

Nilipoipima ndani ya thamosi, ikiwa imechujwa, baada ya saa moja na nusu ilikuwa bado na harufu. Imepungua, ndiyo, lakini unajua unakunywa nini. Shangazi mdogo ambaye hanywi chai bila maziwa alimaliza kikombe na mkate wa sinia na akaomba kingine, na mkate wa sinia na chai hii jamani ni mtu na ndugu yake, ule unazi na iliki ya mkate vinaikuta chai nyepesi vinasikika vyote, ukinywa na chai ya maziwa unazi unapotea. Kwa sambusa za nyama na katlesi vile vile, mafuta na pilipili yanataka chai ya rangi isafishe mdomo. Chai ya maziwa iachie mahamri, kaimati na keki.

Kitu kimoja mkione msiogope. Chai ya rangi nzuri ya Kenya ikipoa kikombeni inaweza kufanya ukungu, inakuwa kama imetiwa tone la maziwa. Wageni wengine wanarudisha kikombe wanadhani ni kichafu. Ni kafeini na vile vitu vya ukali vya kwenye chai vinashikana ikipoa, ukiipasha moto inakuwa angavu tena, na waonjaji wa chai wanaihesabu kuwa dalili nzuri. Tuna mnada mkubwa wa chai hapa mjini kwetu, ulianza Nairobi mwaka 1956 ukahamia Mombasa 1969, chai za Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi mpaka Malawi zinauzwa hapo, na wanunuzi wake wanaonja vikombe kwa mamia wakitia kijiko mdomoni wanavuta kwa sauti na kutema. Kuna hata kipimo cha kimataifa cha kuonjea, ISO 3103, gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji kwa dakika 6. Hiyo ni kali karibu mara mbili ya chai ya nyumbani, na ni makusudi, kasoro isipate pa kujificha. Nilijaribu kipimo hicho kwenye majani yote niliyonunua na nawashauri na nyinyi, ni njia ya haraka ya kujua kama umeuziwa majani ya zamani. Majani ya zamani kwenye kipimo kile yana ladha ya karatasi, hata harufu inakuwa ya stoo.

Kulikuwa na pakti moja ya namna hiyo, sitaitaja, nzuri kwa nje kweli kweli, dhahabu tupu, ndani mifuko midogo yenye vumbi ambalo hata rangi lilitoa kwa shida na thamosi ilikuwa na harufu ya karatasi iliyolowa. Tarehe ya kufungwa ilikuwa mbali sana nyuma. Kwa hiyo geuza pakti, soma tarehe, ibonyeze, kama ni ya karatasi ya fedha ndani isikie kama haina tundu, na usinunue iliyokaa rafu moja na sabuni au iliki, chai inanyonya harufu ya jirani yake.

Mifuko ya chai kwa jumla, ile ya kutumbukiza, mi siipendi kwa shughuli. Kwa hoteli sawa, kila mtu na kikombe chake na maji ya moto. Nyumbani kwa watu hamsini inakuwa mifuko imelala kwenye visahani inadondoka kwenye nguo za kina mama. Mfuko mmoja kwa kawaida una gramu 2 tu na ndani ni punje zile ndogo kabisa. Kama lazima utumie, weka kisahani maalumu cha kutupia, na kitu cha kusaidia watoto wasishike birika.

Sasa ile iliyowafurahisha watu kuliko zote, na nimeshaulizwa sana, chai ya zambarau. Hii ni yetu kabisa, ni mchai uliozalishwa Kenya na taasisi ya utafiti wa chai ya Kericho, jina lake la kitaalamu TRFK 306, ukatolewa kwa wakulima mwaka 2011. Majani yake shambani yana rangi ya zambarau kwa sababu ya zile rangi za asili zinazopatikana pia kwenye zabibu nyeusi na kabichi jekundu. Ukiipika inatoka nyepesi, rangi ya kijivu yenye uzambarau kwa mbali, na mtu akiiona mara ya kwanza anauliza hii ndo nini. Kamua ndimu. Matone matatu tu, na pale pale kikombe kinageuka waridi mbele ya macho yako. Nilifanya hivyo mbele ya kina mama kwenye glasi, ukumbi wote ukanyamaza halafu kila mtu akataka kukamua yake mwenyewe, bibi harusi mtarajiwa akapiga kigelegele. Ladha yake ni nyepesi, ina ukakasi kidogo, tamu na asali, haitaki maziwa hata kidogo.

Ila hii usiitie thamosi. Ikikaa inakuwa ya kahawia na ndimu haifanyi kitu cha kuonekana tena. Ipike kidogo kidogo kwenye birika la kioo kwa maji yasiyochemka kabisa, igawe kwenye glasi ndogo wakati wa picha, ndimu zimekatwa pembeni. Bei yake iko juu kuliko chai ya kawaida lakini pakti ndogo moja inatosha watu wote kwa glasi moja moja, na kwa shughuli ya harusi ina thamani yake. Kericho Gold wanayo, na viwanda kadhaa vya KTDA pia wanaifunga.

Chai ya kijani nimeipima kwa sababu kuna wageni wa dayati watakaoiulizia. Thamosi inaiua, inageuka rangi ya maji ya mtaro na uchungu juu. Inataka maji ya nyuzi kama 80, yaani chemsha, acha dakika tano, mimina, toa majani baada ya dakika mbili. Weka mifuko michache pembeni na maji ya moto, atakayetaka ajipikie. Ile yenye harufu ya bergamoti, Earl Grey, ni nzuri na keki ya ndimu, ikikaa thamosi harufu inazidi inakuwa ya manukato, na wazee kwetu hawakuipenda.

Halafu kuna watu ambao tunawasahau kila shughuli na mi hili linaniuma. Mama mjamzito, mama wa presha aliyeambiwa apunguze kafeini, watoto, na yule ambaye akinywa chai saa kumi na moja halali mpaka alfajiri. Hawa tunawapa soda, au maji. Si haki, wamekuja chai. Halafu hata kwa wasiokatazwa, chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula inapunguza mwili kunyonya madini ya chuma kutoka kwenye vyakula vya mimea, na wajawazito wengi wana upungufu wa damu, kwa hiyo kuwa na kitu kingine cha moto mezani ni kumjali mtu.

Nilipima tatu. Mchaichai ndo rahisi kuliko vyote, wengi tunao nyuma ya nyumba, unaukata, unaupiga na mpini wa kisu utoe mafuta yake, unafunga fundo, unachemsha, na kwenye thamosi unakaa vizuri sana, harufu yake baada ya saa moja na nusu ilikuwa bado inajaza chumba kofia ikifunguliwa. Ukitia kipande cha tangawizi na asali hakuna atakayekumbuka majani. Choya, ile nyekundu ya maua ambayo wengine wanaiita rozela, inatoa rangi nzuri mno na uchachu wa kupendeza, inapendeza baridi pia, watoto wanaipenda. Onyo moja tu, usiiweke karibu na maziwa, uchachu wake unakatisha maziwa pale pale, na mgeni akichanganya kwa bahati mbaya atadhani maziwa yako yameharibika, kwa hiyo andika kikaratasi kwenye thamosi. Pia ikimwagika kwenye kanga nyeupe haitoki kirahisi.

Ya tatu ilinishangaza, roiboshi, ile nyekundu ya Afrika Kusini inayoota milima ya Cederberg tu. Haina kafeini, na vitu vya ukali inavyo vichache, kwa hiyo haiwi chungu hata ukiisahau. Niliiacha thamosi kutoka alasiri mpaka usiku, ikawa ni ile ile, labda imekolea kidogo. Halafu inakubali maziwa na inakubali iliki. Mama wa presha alikunywa roiboshi yenye maziwa na mdalasini akiamini ni chai ya kawaida, nikamwambia, akasema mwanangu, niandikie jina hilo nikanunue. Kwa kipimo changu cha thamosi hii ndo ya kwanza kati ya zote nilizoonja, na nasema hivyo nikiwa mpenzi wa chai ya Kericho kutoka utotoni.

Viungo nunua vizima Marikiti. Masala ya chai ya pakti yako mazuri, lakini mengi yamesagwa laini mno, unga unapita kwenye chujio unalala chini ya thamosi, na kikombe cha mwisho kinakuwa uji wa pilipili manga. Iliki ichague ya kijani, nzito, ipasue moja uone mbegu nyeusi zenye unato, zikiwa kahawia na kavu zishapoteza mafuta. Mdalasini wa magome, karafuu tatu nne tu kwa lita tatu manake karafuu ikikaa inatawala, na kungumanga ukikuna kidogo mwisho kabisa. Ponda kwa kinu, funga kwenye kitambaa safi, chemsha, toa.

Sukari msipikie ndani. Najua chai iliyopikwa na sukari ina utamu wake, lakini kwenye meza yoyote ya kina mama hamsini kuna wenye kisukari na hawatasema mbele za watu, watakunywa. Weka sukari pembeni, asali pembeni, kijiko kidogo.

Kiasi, kwa sababu hili nimeulizwa zaidi ya yote. Vikombe vyetu vya shughuli vinabeba kama mililita 150. Wageni hamsini, vikombe viwili viwili, ni lita 15. Mi niligawa lita 6 za maziwa, lita 6 za rangi na lita 3 za bila kafeini, mchaichai na roiboshi nusu kwa nusu. Majani ya maziwa gramu 12 kwa lita, ya rangi yale marefu gramu 12 pia kwa sababu yanatoa polepole, kwa hiyo pakti ya gramu 100 ya kila aina inatosha na inabaki. Watu wananunua nusu kilo halafu wanapika kali kwa sababu wanayo. Roiboshi tia gramu 15 kwa lita na uichemshe dakika kumi, haidhuriki. Mchaichai shina nane kubwa kwa lita moja na nusu.

Mwenye uwezo wa aina mbili tu achukue CTC ya kawaida kwa maziwa na mchaichai wa nyuma ya nyumba, asijisumbue na nyingine, wageni wote watapata cha kunywa. Akiongeza ya tatu iwe jani refu la rangi. Zambarau iwe ya nne, kwa harusi na posa. Na thamosi ziwe za kofia inayobana, zile ambazo ukizilaza hazivuji, zijaze mpaka juu kabisa manake nafasi ya hewa ndani ndo inayoipoza chai, na kila moja ibandikwe jina kwa maandishi makubwa ambayo shangazi asiyevaa miwani anaweza kuyasoma.